Namba ya manjano: historia ya kipimo kimoja cha damu ya mtoto mchanga



Leo naleta historia ya karatasi moja ndogo. Ni ile karatasi ya laboratwari yenye kuandikwa «bilirubini jumla», kisha namba: 9, 14, 18, 23. Mama yuko kwenye kitanda cha materinite, mtoto ana siku tatu, macho yamegeuka manjano, na familia nzima inauliza swali moja: hiyo namba inasema nini? Mtoto atapona tu, ao ubongo wake utaumia?

Mimi ni mtu wa laboratwari. Kazi yetu ni kutoa namba, hukumu wanatoa wengine. Lakini nilitaka kujua namba hii ilitoka wapi, nani aliipa nguvu, na kwa nini mara ingine inadanganya. Jambo moja ninalotaka tubaki nalo ni hili: namba ile inatuambia bilirubini ni kiasi gani katika damu. Haituambii ni kiasi gani iko huru kuingia katika ubongo. Kati ya mambo hayo mawili njo watoto wengi walipotelea.

Kwanza tuelewane juu ya rangi yenyewe. Chembe nyekundu za damu haziishi milele. Zikizeeka, mwili unazivunja, na hemoglobini iliyo ndani yake inageuzwa kuwa kitu cha manjano, bilirubini. Kwa mtu mkubwa hakuna shida: ini linaikamata, linaifunga na kitu kinachotoka kwenye sukari ili iweze kuyeyuka katika maji, halafu inapita katika nyongo na kutoka na choo. Mtoto mchanga analemewa pande mbili. Ana chembe nyekundu nyingi zinazovunjika haraka, tena ini lake halijazoea kazi. Njo maana karibu watoto 60 kati ya 100 waliotimiza miezi, na karibu 80 kati ya 100 waliozaliwa mbele ya wakati, wanageuka manjano katika juma la kwanza. Wengi sana wanapona bila dawa yoyote. Lakini kati ya wote hao wanaofanana kwa macho, yuko mmoja ambaye ataumia maisha yake yote. Ni nani?

Swali hilo lilianzia kwenye meza ya kupasulia maiti. Mwaka wa 1875 munganga wa Ujerumani, Johannes Orth, aliandika juu ya mtoto mchanga aliyekufa na manjano. Alipofungua ubongo alikuta sehemu fulani za ndani kabisa zimepakwa manjano makali. Mwaka wa 1904 Christian Georg Schmorl, wa mji wa Dresden, alileta hesabu kubwa zaidi. Alikuwa amechunguza maiti za watoto 120 waliokuwa na manjano. Katika 114 kati yao rangi ilikuwa imesambaa tu, bila kuchagua mahali. Katika 6 waliobaki, rangi ilikuwa imeingia katika viini vya ndani vya ubongo na kukaa pale. Jambo hilo alilipa jina la Kijerumani, Kernikterus: Kern ni kokwa, ni kiini, ikterus ni manjano. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulifundishwa kuliita ikitere nikleere.

Naomba tusimame kidogo kwenye hesabu hiyo. Watoto 120, wote manjano, wote wamekufa, lakini 6 tu njo wenye viini vya ubongo vilivyopakwa. Kwa nini hao 6 na si wengine? Schmorl hakuwa na namba ya damu ya kumsaidia. Miaka 120 imepita, na swali lake bado liko mezani kwetu.

Wale wanaopona kisha kubaki na kilema tunawajua wote. Mwanzo mtoto analala kupita kiasi, hana nguvu ya kunyonya. Kisha analia kwa sauti nyembamba, ya juu, shingo na mgongo vinapinda nyuma kama upinde. Akiishi, anaweza kubaki na mikono na miguu inayojipinda yenyewe, macho yasiyoweza kutazama juu, na masikio yasiyosikia. Mara nyingi akili yake iko, inaelewa kila kitu, lakini mwili unakataa kutii. Kwetu watu wanasema «walimuroga» ao «amezaliwa vile». Hapana. Wengi wao walizaliwa wazima. Iliwafikia siku ya tatu, ya nne, ya tano, wakati kila mtu alikuwa anangoja manjano yapite.

Ili kutafuta aliye katika hatari, ilipaswa kwanza kupima. Mwaka wa 1883 Paul Ehrlich alionyesha kwamba dawa moja inayoitwa diazo inabadilika rangi ikikutana na bilirubini. Miaka 30 baadaye, mwaka wa 1913, munganga wa Uholanzi Hijmans van den Bergh, pamoja na mwenzake Snapper, walileta njia ya kuitumia kupimia damu. Mwaka wa 1916 van den Bergh na Müller waliona jambo la ajabu: damu ya wagonjwa wengine inabadilika rangi palepale, damu ya wengine inakataa mpaka uongeze alkoholi. Ile ya kwanza waliiita ya moja kwa moja, ile ya pili isiyo ya moja kwa moja. Maneno hayo njo yale tunayoyaandika mpaka leo kwenye karatasi zetu, direkte na endirekte, bila kujua yalianzia kwenye chupa ya alkoholi.

Maana yake ilifahamika miaka 40 baadaye tu. Mwaka wa 1956 watu wa sehemu tatu, Billing na Lathe kule London, Talafant kule Brno, Schmid kule Marekani, walifikia jibu moja: ile ya moja kwa moja imekwisha kupita mikononi mwa ini, imefungwa, inayeyuka katika maji. Ile ingine haijapita bado. Haiyeyuki katika maji, inapenda mafuta. Na ubongo una mafuta mengi. Kwa mtoto mchanga mwenye siku tatu, karibu yote ni ya namna hiyo ya pili.

Wakati huohuo watu wa damu walikuwa wanatafuta upande mwingine: kwa nini watoto wengine chembe zao zinavunjika kwa wingi vile? Mwaka wa 1940 Landsteiner na Wiener walitangaza habari ya Rh. Mwaka wa 1941 Philip Levine alieleza jinsi mama asiye na Rh anavyoweza kutengeneza silaha dhidi ya damu ya mtoto wake mwenye Rh. Tiba ilikuwa ngumu: kutoa damu ya mtoto kidogokidogo na kumtilia ingine. Alfred Hart alikuwa amejaribu hivyo Toronto tangu mwaka wa 1925, akitoa damu kwenye utosi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Louis Diamond na wenzake wa Boston walirahisisha kazi kwa kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu.

Kwa hao watu wa Boston njo namba yetu ilipata nguvu. Mwaka wa 1952 Hsia, Allen, Gellis na Diamond waliandika yale waliyoyaona kwa watoto wenye shida ya Rh: kadiri bilirubini inavyopanda, hatari ya kernikterusi inapanda nayo, na ukiizuia isipite miligramu 20 kwa desilita kwa kubadilisha damu, ugonjwa ule unakaribia kutoweka. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Watoto wengi wanaishi leo ju ya kazi hiyo. Lakini ikawa sawa na ukuta: chini ya 20 lala usingizi, juu ya 20 kimbia. Walisahau kwamba namba ile ilitoka kwa watoto wa aina moja, waliotimiza miezi, wenye ugonjwa mmoja.

Ukuta ulibomoka New York, na waliolipa ni watoto wadogo kabisa. Miaka ile ilikuwa desturi kuwapa prematire antibiotiki hata mbele hawajagonjwa, ili wasipate maambukizi. William Silverman na wenzake wa Babies Hospital walilinganisha desturi mbili. Kundi moja lilipata penisilini pamoja na dawa ya jamii ya sulfa, sulfisoksazoli. Kundi la pili lilipata oksitetrasiklini. Walitangaza matokeo mwaka wa 1956: watoto wa sulfa walikufa wengi zaidi, na wengi wao walipopasuliwa walikutwa na kernikterusi. Ajabu ni kwamba bilirubini yao haikuwa juu. Kufuatana na ukuta wa 20, watoto hao walikuwa salama. Karatasi ya laboratwari ilisema «hakuna shida», na ubongo ulikuwa umepakwa.

Inakuwaje dawa nzuri iue bila kupandisha namba? Jibu lilikuja mwaka wa 1959 kupitia Gerard Odell wa Baltimore, na mimi naliona kuwa kiini cha historia hii yote. Katika damu, bilirubini haitembei peke yake. Inabebwa na protini moja, albumini. Wenye kujua Goma wanajua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Weka akilini kwamba albumini ni chukudu, na bilirubini ni muzigo. Muda muzigo uko juu ya chukudu, hauwezi kuingia ndani ya nyumba ya watu, unapita barabarani mpaka kwenye ini. Sasa inakuja dawa ya sulfa, nayo inatafuta chukudu. Inausukuma ule muzigo chini na kukaa mahali pake. Bilirubini inabaki inatembea kwa miguu, huru, na mlango wa ubongo wa mtoto mdogo hauna kufuli nzuri. Inaingia. Tena, ikishaondoka katika damu na kuingia kwenye nyama za mwili, ile namba ya laboratwari inaweza hata kushuka! Munganga anafurahi, kumbe muzigo umehamia ndani ya nyumba.

Kuanzia hapo ilieleweka kwamba kinachohesabika ni mambo matatu pamoja: bilirubini iko kiasi gani, chukudu ziko ngapi na zina nafasi, na mlango wa ubongo uko namna gani. Prematire ana albumini kidogo. Mtoto mwenye maambukizi ya damu, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, ao ambaye damu yake imejaa asidi, ubongo wake unashambuliwa haraka zaidi. Njo vile watoto wawili wenye 18 ileile, mmoja anarudi nyumbani akinyonya, mwingine anaanza kupinda mgongo.

Sasa mtasema: kama kile kibaya ni bilirubini huru, mbona tusipime hiyo? Walijaribu. Mwaka wa 1974 Jacobsen na Wennberg walitangaza njia ya akili sana. Walitumia enzimi inayotoka katika mzizi wa mmea mmoja mkali wa Ulaya. Enzimi hiyo inaharibu tu bilirubini ambayo iko huru, ile iliyo juu ya chukudu haiigusi. Ukiangalia rangi inafifia kwa mwendo gani, unajua zile huru ni ngapi. Na ni kidogo mno: chini ya sehemu moja katika elfu ya bilirubini yote. Fikiria vizuri: sehemu inayoua ubongo ni chini ya elfu moja ya kile tunachopima kila siku. Mwaka wa 1982 Cashore na Oh walionyesha kwamba kati ya watoto wenye uzito mdogo, wale waliokufa na kernikterusi walikuwa na bilirubini huru ya juu zaidi kuliko wenzao.

Hata hivyo kipimo hicho hakikuenea katika hospitali za dunia. Ukiongeza maji katika damu ili uipime, unabadilisha kazi ya chukudu zenyewe. Mashine zake ni chache, Japani njo waliendelea nazo zaidi. Tena hakuna mpaka mmoja ambao wote wamekubaliana kwamba juu yake ni hatari. Wengine walitafuta njia ya mkato: gawanya bilirubini kwa albumini, upate kujua mizigo ni mingapi kwa kila chukudu. Ahlfors aliandika juu yake mwaka wa 1994, na mwaka wa 2004 waganga wa watoto wa Marekani waliiweka katika maelekezo yao kama msaada wa kuamua kubadilisha damu. Lakini mwaka wa 2014 Waholanzi walitoa matokeo ya jaribio kwa prematire, na kuongeza hesabu hiyo juu ya bilirubini jumla hakukuonyesha faida kwa maendeleo ya watoto wale. Kuhesabu chukudu peke yake hakutoshi, lazima ujue pia kama zina afya na kama hazijabeba kitu kingine.

Turudi nyuma kidogo, mwaka wa 1956, Rochford, Uingereza, ju kuko somo letu sisi watu wa laboratwari. Muuguzi aitwaye Sister Ward alipenda kuwatoa watoto wadogo nje wapate jua. Siku moja aliwaonyesha waganga mtoto ambaye manjano yake yalikuwa yamefifia, isipokuwa mahali palipofunikwa na shuka. Karibu na siku zile chupa ya damu ya mtoto ilisahaulika dirishani, juani. Walipoipima, bilirubini ilikuwa imeshuka sana. Mambo hayo mawili yalifungua macho yao, na mwaka wa 1958 Cremer, Perryman na Richards waliandika juu ya mwanga kama dawa. Zile taa za buluu tunazoziona katika chumba cha kuvezi zimezaliwa pale.

Wengi wanasimulia hadithi hiyo kwa ajili ya taa. Mimi naisimulia kwa ajili ya chupa. Mwanga unaoponya mtoto ndio uleule unaoharibu kipimo. Chupa ya damu ikikaa mezani karibu na dirisha, katika jua letu hili, ikingoja kurā ya umeme irudi ao mtu wa zamu afike, namba itakayotoka itakuwa ndogo kuliko ukweli. Na mtoto mwenye 21 atarudishwa nyumbani na 16. Kufunika chupa na karatasi nyeusi ao alumini hakuombi mfadhili wala mashine.

Upande mwingine, watu walichoka na woga wa 20. Mwaka wa 1983 Watchko na Oski waliandika makala ya kuuliza kama woga huo una msingi kwa mtoto aliyetimiza miezi, asiye na ugonjwa mwingine. Swali lilikuwa la haki. Lakini miaka iliyofuata akina mama walianza kurudishwa nyumbani mapema, wakati bilirubini ilikuwa bado inapanda, na miaka ya 1990 Wamarekani walishtuka kuona kernikterusi imerudi. Mwaka wa 1999 Bhutani na wenzake wa Philadelphia, kwa kuangalia watoto 2,840, walileta wazo ambalo naliona kuwa la maana kupita mashine nyingi: usisome namba bila kusoma saa. Miligramu 8 kwa mtoto wa siku nne si kitu. Miligramu 8 ileile kwa mtoto wa masaa 24 ni kengele ya hatari. Karatasi isiyoandikwa saa ya kuzaliwa na saa ya kutoa damu ni nusu karatasi.

Na sisi Afrika? Rh peke yake haiwezi kueleza yetu, kwa sababu watu wasio na Rh ni wachache kwetu kuliko Ulaya. Kwetu kuko mama wa grupu O mwenye mtoto wa A ao B, kuko maambukizi, kuko prematire, na kuko upungufu wa G6PD. Hiyo G6PD ni enzimi inayolinda chembe nyekundu. Upungufu wake ulielezwa mwaka wa 1956 kutokana na watu waliopata shida ya damu baada ya kumeza dawa ya malaria, primakini. Kongo iko ndani ya historia hiyo: mwaka wa 1966 Motulsky, Vandepitte na Fraser walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wa Kongo, wakiangalia G6PD, sikoseli na malaria pamoja. Enzimi hiyo ikipunguka, malaria inapata shida kumwangusha mtu, njo maana upungufu umebaki kwa wingi katika nchi zenye mbu. Lakini kinga ya mtu mkubwa ni hatari ya mtoto mchanga, hasa mvulana, kwa sababu jini yake iko kwenye kromosomu X na yeye ana moja tu. Mtoto huyo akivalishwa nguo zilizokaa sandukuni na naftalini, chembe zake zinaweza kuvunjika kwa wingi ndani ya siku moja, mbili. Kule Nigeria, Olowe na Ransome-Kuti waliandika mwaka wa 1980 juu ya hatari ya mentoli pia kwa watoto hao. Bamama wetu wengi wanaweka vyote viwili kwa upendo kabisa.

Na ngozi yetu nyeusi inaficha manjano. Mtu anayengoja kuona ngozi imegeuka anachelewa. Angalia weupe wa macho, angalia ufizi, angalia viganja na nyayo, mahali penye mwanga wa mchana.

Juu ya jua la asubuhi, wengi wanauliza. Mwaka wa 2015 Slusher, Olusanya na wenzao walitangaza jaribio la Lagos kwa watoto 447: jua lililochujwa na karatasi maalumu inayozuia joto na miale mibaya lilifanya kazi vizuri sawa na taa, kwa watoto waliochaguliwa na kuangaliwa na wauguzi muda wote. Hiyo si sawa na kumlaza mtoto mlangoni nusu saa kisha kungoja kesho. Jua la mlangoni linaweza kumkausha, kumchoma, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba linakula siku za kumpeleka hospitali.

Nimalizie na mapya. Siku hizi wachunguzi wanatafuta katika damu alama zinazotoka kwenye ubongo wenyewe. Moja inaitwa S100B, protini iliyotangazwa na Moore mwaka wa 1965 kutoka ubongo wa ng'ombe. Kuko nyingine: enolazi ya chembe za neva, protini tau, protini GFAP. Chembe ya ubongo ikiumia, vitu hivyo vinavuja na kufika katika damu. Wachunguzi wa nchi kama Uturuki na Uchina wamezipima kwa watoto wenye manjano makali. Mimi nazifurahia, lakini tuelewe ni alama za namna gani. Bilirubini huru ni sawa na moshi: inakuonya nyumba itaungua. S100B ni majivu: inakuambia nyumba imekwisha kuungua, na ukubwa wa moto. Tena majivu hayasemi moto ulitoka wapi, ju mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa naye anapandisha S100B. Na enolazi iko hata ndani ya chembe nyekundu; damu ikivunjika ndani ya chupa, ao ndani ya mtoto mwenyewe, namba inapanda bila ubongo kuguswa. Kwa mtoto ambaye ugonjwa wake ni kuvunjika kwa damu, hilo si tatizo dogo.

Kwetu, familia inalipa karibu kila egzame kwa mfuko wake. Kwa hiyo swali la alama gani ya damu ni bora ni swali la pesa pia, na mtu wa laboratwari analazimika kujibu. Maoni yangu, baada ya kufuata historia hii, ni haya.

Grupu ya damu ya mama ijulikane mbele ya kuzaa, na ya mtoto ijulikane mapema kama mama ni O ao hana Rh. Hiyo ni alama ya hatari ya zamani kupita zote, na ni ya bei ndogo. Mtoto anayegeuka manjano mbele ya masaa 24 hangojewi hata saa moja. Bilirubini jumla ipimwe, saa iandikwe, chupa ifunikwe, na ipimwe tena ili tuone inapanda kwa mwendo gani. Pembeni ya namba, aandikwe mtoto mwenyewe: ana uzito gani, alizaliwa na miezi mingapi, alilia, ananyonya, ana homa? Hayo njo yanayotuambia chukudu ziko namna gani na mlango uko namna gani, hata pasipo mashine ya bilirubini huru.

Na dawa. Sulfa ya New York haijafa. Kotrimoksazoli tunayoiuza kila pembeni ya barabara ina sulfa ndani. Seftriaksoni, ile tunayoichoma kwa kila homa, nayo inasukuma bilirubini kutoka kwa albumini. Dawa hizo mbili zinaokoa watu wengi, lakini mtoto mchanga mwenye manjano hapaswi kuzipata. Munganga ana nyingine za kuchagua. Watoto wale wa mwaka wa 1956 walitufundisha jambo hilo kwa maisha yao, katika hospitali tajiri, na namba nzuri ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Sisi hatuna sababu ya kulipia somo hilo mara ya pili.

Mwenye swali aulize, mwenye kufanya kazi materinite atuongezee yale anayoyaona. Na mwenye dada ao shemeji anayengojea kuzaa, amuulize leo: grupu yako ya damu ni gani?